Kuuguza mgonjwa mwenye dreni nyumbani baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: kwa tulio Dar

#1 Mdogo_Mtu_Tabata (mleta uzi)

Habari za humu wakuu.

Uzi huu ni wa yule ambaye wiki hii atakabidhiwa mgonjwa wake wodini, tumbo lina plasta nne tano, na ubavuni unatoka mrija wenye kichupa cha mpira, ndiyo dreni yenyewe. Maelekezo huwa ya haraka. Unapewa pamoja na dawa, bili na tarehe ya kliniki, na akili yako yote iko kwenye gari la kuwafikisha nyumbani. Maswali yanaanza saa nne usiku, wakati hakuna wa kumuuliza.

Namuuguza dada yangu mkubwa. Amefanyiwa ile aina inayoitwa slivu: wanaondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, kinabaki kifuko chembamba kirefu, na ukingo wake wote unafungwa kwa vipini vidogo sana vya chuma. Si kila anayefanyiwa hivi anatoka na dreni. Madaktari wengi siku hizi hawaiweki mpaka wawe na sababu. Kwa hiyo kama ndugu yako hana, hajasahauliwa. Na kama anayo, usidhani ameharibikiwa.

Ninachotaka kiwaingie wanaouguza ni hiki: dreni ina kazi mbili. Inatoa maji yanayojikusanya pale palipokatwa, na inaleta habari za huko ndani. Kazi ya kwanza kwa sehemu kubwa inajifanya yenyewe. Ya pili inahitaji msomaji, na nyumbani msomaji ni wewe. Rangi, harufu, kiasi. Ndiyo maana kabla hata ya kununua gozi, nunua daftari.

Sasa namna ya kumwaga. Kile kichupa kinafanya kazi kwa kunyonya. Ukikiminya kikabonyea kisha ukakifunga, kinataka kurudi kwenye umbo lake, na katika kurudi huko kinavuta maji kupitia mrija. Kikijaa au kikiingia hewa kimeacha kuvuta. Sisi tulielekezwa kumwaga asubuhi, mchana na usiku, na wakati wowote kikifika nusu hata kama saa haijafika.

Unanawa mikono kwa sabuni, unasugua hadi kati ya vidole na chini ya kucha, halafu unavaa glovu. Unafungua kile kizibo kidogo cha juu. Ukishakifungua kisiguse kitu chochote, si kidole, si nguo, si mdomo wa kikombe. Unapindua kichupa juu ya kikombe cha kupimia, unaminya taratibu mpaka kiishe. Unafuta mdomo wake kwa pamba yenye spiriti. Halafu hapa ndipo wengi wanapokosea: unakiminya tena kiganjani mpaka hewa yote itoke, na huku bado umekiminya unarudisha kizibo. Ukiachia kwanza ndipo ufunge, umefunga hewa ndani na dreni haivuti kitu. Ukimaliza kikibaki kimebonyea, umefanya sawa.

Pima kwa kikombe, usisome mistari iliyochorwa kwenye kichupa. Mpira ukibonyea mistari inadanganya. Kikombe cha hospitali kikipotea, duka la dawa watakuuzia bomba la sindano la mililita 20, ondoa sindano yenyewe, vuta, hesabu. Andika tarehe, saa, mililita ngapi, rangi gani. Mwisho wa saa 24 jumlisha. Jumla hiyo ndiyo daktari anayoitaka kliniki, maana uamuzi wa kutoa dreni unatazama kiasi cha siku nzima na rangi. Maji yenyewe mwaga chooni, vuta maji, osha kikombe na kiweke peke yake, kisichanganyike na vyombo vya jikoni.

Rangi. Mwanzoni ni nyekundu, haishangazi. Siku zinavyokwenda inafifia, inakuwa ya juisi ya tikiti iliyochujwa, halafu njano hafifu inayoonyesha upande wa pili. Mwelekeo ndio muhimu: kupauka na kupungua. Ikigeuka ikarudi nyekundu ya damu mbichi na kichupa kinajaa haraka, hiyo ni damu inavuja. Ikiwa nzito na ya ukungu, au kijani, au kahawia, au ina harufu mbaya, au inafanana na alichokunywa muda si mrefu, basi huenda ule ukingo uliofungwa umeachia mahali na yaliyomo tumboni yanavuja. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke.

Mambo ya hapa kwetu sasa. Joto la Dar na plasta haviivani. Jasho linaibandua, kisha uzito wa kichupa unauvuta mrija pale ulipotoka kwenye ngozi, na pale panauma kuliko vidonda vingine vyote. Kichupa kina kitanzi cha plastiki. Pini ipite kwenye kitanzi, isiguse mrija, halafu ishikwe kwenye nguo, chini ya usawa wa kidonda, na mrija uachwe na ulegevu kidogo ili mgonjwa akinyoosha mgongo usivutwe. Dera ndiyo nguo ya kipindi hiki. Haibani, na pini unaitia kwa ndani hata mgeni akija haoni kitu. Wakati wa kujisafisha dera halipo, kwa hiyo dada anavaa kamba laini shingoni, kichupa kinaning'inia hapo.

Kuoga, sisi tuliambiwa kujipangusa kwa kitambaa mpaka dreni itoke, wengine huruhusiwa kumwagia maji mapema zaidi. Muulize daktari wako. Kuloweka mwili kwenye beseni au kwenda baharini hapana kabisa. Maji ya kusafishia ngozi kuzunguka mrija tunachemsha na kuyaacha yapoe, hasa siku ambazo bomba limekauka na tunatumia ya kwenye simtanki. Safisha, kausha vizuri, weka gozi iliyokatwa mkato mmoja ili ikae pande zote za mrija. Wekundu mdogo pale mrija unapoingilia ni kawaida, uzi unaoushikilia unakera ngozi. Wekundu unaotanuka, ngozi yenye moto, usaha, hiyo si kawaida.

Chandarua nacho angalia. Usiku mrija unanasa kwenye neti mgonjwa akigeuka. Tunachomekea upande wa pili wa kitanda na kichupa kinalala upande wake. Watoto wadogo wasipande kitandani. Na kliniki msiende kwa daladala. Kiwiko kimoja cha abiria aliyesimama kinatosha kung'oa dreni. Hata bajaji, mwambie dereva polepole kwenye matuta.

Nimeandika ninayoyajua. Wenye ujuzi zaidi mniongezee.

#2 Mama_Theresia_Nesi

Mwanangu umeandika vizuri. Mimi nimestaafu, nilikuwa wodi ya upasuaji miaka mingi. Nitaongeza matatu.

La kwanza, mrija kuziba. Ukiona vipande vya damu iliyoganda vimekaa ndani ya mrija, au jumla imeshuka ghafla kutoka nyingi hadi karibu na sifuri na gozi imelowa, mrija umeziba na maji yanatafuta njia ya pembeni. Kama daktari wenu ameruhusu kuukamua, unafanya hivi: vidole vya mkono mmoja vinaushika mrija kwa nguvu karibu na ngozi, visisogee hata kidogo. Vya mkono mwingine, vikiwa na pamba ya spiriti ili viteleze, vinaubana na kushuka nao hadi kwenye kichupa. Ule mkono wa juu ndio unaomwokoa mgonjwa na maumivu. Kama hukuruhusiwa, usikamue, piga simu.

La pili, kichupa kujaa hewa kila baada ya dakika chache ingawa umekifunga vizuri. Angalia kizibo, angalia maungio ya mrija na kichupa. Vyote vikiwa sawa, basi mrija umetoka kidogo, yale matundu yanayotakiwa kuwa ndani yamefika nje ya ngozi yanavuta upepo. Usiusukume kurudi ndani hata sentimita moja. Unaingiza uchafu wa ngozi tumboni. Ukitoka wote, vivyo hivyo: gozi safi, kandamiza, plasta, mpeleke.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Msiiamini dreni peke yake. Inaweza kutoa maji mazuri ya njano na mgonjwa anavuja upande ambao ncha ya mrija haijafika. Mvujo mara nyingi unajionyesha mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali, ndani ya wiki za mwanzo. Mtazame mtu mwenyewe. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake akiwa amepumzika, hesabu mapigo kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Yakipita 120 na hayashuki, mpeleke, hata kama homa haipo, hata kama dreni inapendeza. Homa ya nyuzi 38 kwenda juu, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, maumivu ya bega la kushoto, kupumua kwa shida, na ile hali ya mgonjwa kutotulia na kusema "sijisikii vizuri" bila kuweza kueleza. Hiyo ya mwisho tuliifundisha wanafunzi kuiheshimu.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, au pumzi ikakata ghafla, hiyo ni hofu ya damu kuganda. Ndiyo sababu mnaambiwa mumtembeze hata kama analalamika, na mkipewa sindano za kuzuia damu kuganda zichomwe zote.

#3 Mdogo_Mtu_Tabata (mleta uzi)

Shikamoo mama. Asante sana. Hiyo ya mapigo nimeshaanza kuiandika kwenye daftari lile lile, kila tunapomwaga.

#4 Mama_Theresia_Nesi

Marahaba mwanangu. Iandike.

#5 Baba_Junior_Mbagala

Wakuu mke wangu katoka juzi, yeye hana kichupa, ana mrija mnene kidogo unaoishia kwenye mfuko unaofanana na ule wa mkojo. Je na sisi tuuminye?

#6 Mdogo_Mtu_Tabata (mleta uzi)

Hapana kaka. Huo hauvuti, maji yanashuka yenyewe kwa sababu mfuko uko chini. Kwa hiyo kwako cha muhimu ni mfuko ukae chini ya tumbo muda wote, akiwa amelala na akitembea, na mrija usijikunje. Usiuweke kitandani kando yake, maji yatarudi. Kupima na kuandika ni vile vile. Mengine waulize waliowafanyia, maana kila mrija una maelekezo yake.

#7 Mpemba_wa_Ilala

Kwetu kidonda cha tumbo tunapaka asali na manjano kinakauka haraka. Mngejaribu kuzunguka huo mrija.

#8 Mama_Theresia_Nesi

Mwanangu, najua nia yako ni njema. Lakini pale si kidonda cha kukaushwa, ni mlango ulioachwa wazi kwa makusudi na unaelekea ndani ya tumbo. Chochote unachopaka nje kina njia ya kuingia. Pia manjano yanatia rangi ngozi na gozi, na sisi tunategemea rangi kujua kinachoendelea. Maji safi, sabuni kidogo, kukausha, basi.

Na msimpe diklofenaki wala ibuprofen kwa kuwa zinapatikana kila duka. Zinaweza kuleta vidonda kwenye mfuko wa chakula ambao ndio kwanza umeshonwa. Panadol kwa dozi aliyoandikiwa. Ikishindwa kutuliza, maumivu hayo yenyewe ni sababu ya kupiga simu.

#9 Dada_wa_Goba

Samahani naomba kuuliza, mimi nataka kwenda kuwekewa puto la tumboni la kupunguza uzito pale hospitali ya Mloganzila. Na huko kuna dreni?

#10 Mdogo_Mtu_Tabata (mleta uzi)

Puto halihusiani na haya, dada. Linaingizwa kupitia mdomoni kwa kifaa chenye kamera, hukatwi popote, na baadaye linatolewa. Dreni ni ya waliopasuliwa. Fungua uzi wa puto utapata wenzako.

#11 Baba_Junior_Mbagala

Chakula jamani. Mama mkwe kaja na chupa ya supu ya kongoro na hasira juu, anasema binti yake tunamuua njaa.

#12 Mdogo_Mtu_Tabata (mleta uzi)

Hili linastahili uzi wake ila linagusa dreni pia, ngoja niseme. Kile kifuko kipya kina mstari mrefu wa vipini unaotaka muda wa kushikana. Ukikijaza kwa nguvu au mgonjwa akatapika sana, unaubana mstari ule ule. Wiki za mwanzo ni vitu vya maji tu, kwa hatua ulizopewa kwenye karatasi, na ni kwa kunywa mafunda madogo siku nzima. Dada yangu anatumia kikombe kidogo cha kahawa, chupa kubwa imewekwa mbali naye kabisa. Lengo alilopewa ni kufikia kama lita moja na nusu kwa siku, na kwa joto hili mkizembea mkojo unakuwa wa njano iliyokoza na kizunguzungu kinaanza.

Mama mkwe usimfukuze jikoni. Mpe kazi. Supu iliyopoa, iliyochujwa kabisa, iliyoenguliwa mafuta, daktari akiruhusu hatua hiyo, anywe mafunda. Muonyeshe karatasi ya hospitali yenye muhuri. Kwetu iliyotuliza nyumba nzima ni hiyo karatasi kubandikwa ukutani, maana kila shangazi aliyekuja alitaka kumlisha.

Na kama alikuwa kwenye dawa za sukari au presha, muulizeni daktari dozi mpya kabla ya kumpa ile ya zamani. Hali chakula kingi tena, sukari inaweza kushuka vibaya.

#13 Kimara_Mwisho

Naombeni msaada wa haraka. Mdogo wangu wa kike, dreni ilikuwa njano tangu Jumatatu, leo jioni imekuwa nzito, rangi ya ukungu, ina harufu. Hana homa. Mapigo nimehesabu kama alivyosema mama, 126, nimerudia, 124. Kliniki yake ni kesho kutwa.

#14 Mama_Theresia_Nesi

Mwanangu usisubiri kliniki. Nendeni sasa hivi, mahali alipopasuliwa kama panafikika, la sivyo hospitali kubwa ya karibu yenye chumba cha upasuaji. Asile wala asinywe kitu tena. Kichupa msikimwage, kiende kilivyo. Chukua daftari, chukua karatasi ya kutoka wodini. Mapokezi sema mapema kabisa: amepasuliwa kupunguza tumbo, dreni imebadilika, mapigo 126. Maneno hayo matatu yatawatoa kwenye foleni.

#15 Mdogo_Mtu_Tabata (mleta uzi)

Kaka wa Kimara tupo nawe. Ukifika tuambie.

#16 Kimara_Mwisho

Wakuu ni mimi. Amelazwa. Wamempiga CT skani, kuna mvujo sehemu ya juu ya kifuko, karibu na pale kinapoungana na koo la chakula. Wanasema kwa kuwa dreni ilikuwepo na inatoa, uchafu mwingi unatoka nje badala ya kusambaa tumboni, kwa hiyo kwa sasa hawampasui. Antibayotiki za mshipa, dripu, hali kitu kwa mdomo, na watampa lishe kwa njia nyingine. Wanafikiria kuweka kijibomba cha ndani kwa kamera ili kuziba. Daktari wa zamu alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Kaniuliza nani alikufundisha. Mama Theresia, Mungu akulipe.

#17 Mama_Theresia_Nesi

Amina. Atakaa hospitali muda mrefu, jiandaeni kwa hilo na zamu za ndugu zipangwe. Mvujo wa namna hii unachukua wiki nyingi kupona, msikate tamaa siku ya kumi. Endelea kuandika hata akiwa wodini.

#18 Dada_wa_Goba

Nimesoma mpaka mwisho, poleni kaka. Mleta uzi, ya dada yako imeshatolewa? Kutoa kunauma?

#19 Mdogo_Mtu_Tabata (mleta uzi)

Imetolewa asubuhi ya leo, kliniki. Jumla zilikuwa zimeshuka siku baada ya siku, rangi njano hafifu, mapigo mazuri, anakunywa vizuri. Kabla ya hapo walimpa anywe maji yenye rangi ya bluu, wakaangalia kama bluu inatokea kwenye kichupa. Haikutokea. Si kila daktari anafanya kipimo hicho, ila nilifurahi kukiona.

Kutoa kwenyewe ni sekunde chache. Walikata uzi unaoushikilia, wakamwambia avute pumzi kisha aitoe polepole, na alipokuwa anaitoa wakavuta kwa mkupuo mmoja. Amesema hakikuwa kisu wala moto, ni kitu kirefu kinateleza ndani ya tumbo, hisia ya ajabu kuliko maumivu. Usijaribu kuutoa nyumbani hata kama umelegea.

Tundu halishonwi. Wameweka gozi iliyokunjwa na plasta, litajifunga lenyewe. Siku moja mbili za kwanza litachuruza kidogo maji ya njano au pinki, unabadilisha gozi kila ikilowa. Likizidi hapo, likianza kutoa usaha au harufu, au tumbo likajaa na mapigo yakapanda, mnarudi siku hiyo hiyo. Mapigo bado nahesabu asubuhi na jioni mpaka tutakaporudi kliniki.